Sifa za Ukurasa wa Kutupwa

Malenga wa Kiswahili hakuachwa ajifunze peke yake. Alitunga, mwenziwe akamjibu kwa vina vile vile, na mizani ikipungua hata moja walikuwapo wa kumsuta. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu huku miji yao ikihasimiana. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, liliwapa watunzi wa bara na pwani ukumbi mmoja. Malumbano hayo husifiwa kwa siasa na ucheshi wake, lakini yalikuwa pia shule. Anayemjibu mwenzake kwa vina vyake amepewa sharti asilolichagua, na msomaji asiyemwonea haya. Hadithi ya nathari haikubahatika hivyo. Mwandishi wa riwaya hujifungia ndani miaka miwili, na wa kwanza kumwambia kwamba wahusika wake wote wana ulimi mmoja ni mhariri, au mnunuzi aliyekwisha kulipa.

Kwa hiyo nalisifu zoezi dogo: ukurasa mmoja, mbinu moja, wasomaji wachache ambao nao ni waandishi, kisha pipa la taka. Chukua dayolojia. Sharti ni kwamba watu wawili wazungumze bila kutajwa majina, bila "alisema kwa hasira", na msomaji ajue nani mkubwa na nani anamdai mwenzake. Kiswahili kina vifaa tele vya kazi hiyo: shikamoo iliyocheleweshwa, marahaba iliyoitikiwa kwa mguno, "mwanangu" litokalo kwa mtu asiyemzidi mwenzake hata miaka mitano. Mdeni husalimia kwa kirefu, akaulizia nyumbani, watoto, kazi, hata mvua, maana kila salamu inaisogeza mbele habari ya pesa. Haya kila mzungumzaji anayajua. Lakini kuyajua mdomoni si kuyajua kalamuni, na mwandishi hagundui tofauti hiyo mpaka wasomaji watatu kati ya watano wamwambie kwamba walidhani mdeni ndiye mdai. Au chukua kiambishi a-. Aliingia, akavua viatu, akaketi: hakuna anayekulazimisha useme ni mwanamke au mwanamume. Mwingereza akitaka kulificha hilo atahangaika na viwakilishi vyake. Kwetu mlango uko wazi siku zote, na pengine ndiyo sababu tunaupita bila kuuona. Ukifiche kitu hicho ukurasa mzima, kisha waulize wenzako walimwona nani. Majibu yao yatakuonyesha ni kazi gani, mavazi gani na hasira zipi ulizokwisha kuzigawa kwa jinsia bila kujijua.

Katika dibaji ya riwaya yake Pierre et Jean ya mwaka 1888, Guy de Maupassant anaeleza alivyolelewa na Gustave Flaubert. Miaka saba alitunga mashairi, hadithi, hata tamthilia ambayo yeye mwenyewe aliiona mbovu, na hakikubaki kitu. Flaubert alisoma, na Jumapili iliyofuata, wakila chakula cha mchana, akamchambulia. Alimtaka amchore mwenye duka aliyeketi mlangoni pake hata asichanganywe na mwenye duka mwingine yeyote. Boule de Suif, hadithi iliyompa Maupassant jina, ilitoka mwaka 1880, mwaka ule ule aliofariki Flaubert. Kinachonishangaza hapo si ukali wa mwalimu bali wingi wa vilivyotupwa.

Wapo watakaosema kwamba kipaji hakifundishwi, na kwamba mazoezi ya pamoja huzaa waandishi wanaofanana kama matofali. La kwanza nalikubali nusu: zoezi halimpi mtu jambo la kusema. La pili silioni. Muhammed Said Abdulla aliazima mfano wa upelelezi wa Sherlock Holmes, akaacha hata kiko mdomoni, lakini Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale ni Mzanzibari kwa maneno na kwa mizaha. Euphrase Kezilahabi alisimulia kwa njia iliyozoeleka katika Rosa Mistika mwaka 1971. Alipoivunja njia hiyo katika Nagona, mwaka 1990, alikuwa anavunja kitu alichokiweza. Hatari ya kweli ni sharti kugeuzwa sheria, kama lile linalokaririwa kila mahali kwamba mwandishi aonyeshe, asisimulie. Ngano zetu husimulia bila kuomba radhi. Basi na kusimulia kufanyiwe mazoezi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanafunzi wakisomana, kipofu anamwongoza kipofu. Lakini mgonjwa naye si daktari, na bado anajua panapouma. Mwenzako akikwambia kwamba alichoka kwenye aya ya tatu, msadiki. Akianza kukuandikia aya hiyo upya, mshukuru na usiitumie.

Kwa walio na wenzao, barazani au kwenye simu, sharti la wiki hii ni hili: mdeni na mdai wakutane kituo cha daladala, maneno 200, na neno deni lisitajwe hata mara moja.