Mtazame Anayesubiri Mpira

Watazamaji wengi wa tenisi hugeuza shingo kushoto na kulia wakiufuata mpira, kisha hutoka uwanjani wakijua nani ameshinda bila kujua ameshindaje. Mpira huvuta macho, lakini habari zake huja zimechelewa. Ukitaka kupima ustadi wa mchezaji wa raketi, iwe ni tenisi, vinyoya au mpira wa meza, mkazie macho yule ambaye bado hajapiga. Chagua mchezaji mmoja na umfuate yeye tu kwa gemu mbili nzima, hata mpira ukiwa upande wa pili wa wavu. Mwanzoni utahisi unakosa uhondo. Vumilia.

Sababu yake ni muda. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Mpira wa kuanzia uliopigwa kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa, hata ukishapunguzwa nguvu na hewa na mdundo, humfikia mpokeaji kwa nusu sekunde na ushei. Ndani ya muda huo jicho lione, mwili uamue upande, miguu isogee, na raketi iukute mpira kwa mguso wa milisekunde tano hivi. Anayengoja mpira uondoke ndipo aanze kufikiri amekwisha chelewa. Mahiri huanza kabla, kwa kumsoma mwenzake.

Mtafiti wa Australia Bruce Abernethy alilionyesha hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987. Wachezaji wa vinyoya walioneshwa filamu zilizokatwa karibu na wakati wa pigo, nyingine zikiwa zimefichwa sehemu fulani za mwili wa mpigaji, wakatakiwa kubashiri kinyoya kitaangukia wapi. Wanagenzi walitegemea mwendo wa raketi peke yake. Mabingwa walisoma raketi na mkono ulioishika, na mkono husema mapema zaidi.

Wengine husoma hata zaidi ya hapo. Mchezaji wa tenisi Andre Agassi ameeleza jinsi alivyoshindwa na mpinzani wake Boris Becker katika mechi zao tatu za kwanza, akaketi kutazama mikanda ya mechi hadi akagundua kwamba Becker, kabla ya kuanzisha mpira, alitoa ulimi kidogo. Ulimi ukiwa katikati ya mdomo, mpira ulielekea sehemu fulani; ukiwa pembeni, ulielekea kwingine. Agassi alishinda mara 10 katika mechi 11 zilizofuata. Kazi ngumu, kwa maelezo yake, ilikuwa kuificha siri hiyo: angeudaka kila mpira, Becker angeshtuka. Kwa hiyo aliitumia kwenye pointi nzito tu.

Sasa shuka kwenye miguu. Mpinzani anapokaribia kupiga, mpokeaji mzuri hufanya kiruko kidogo sana na kutua kwa vidole, miguu ikiwa imepanuka, magoti yamelegea. Kiruko hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na sijaona kipimo kinachodanganya kidogo kuliko hicho. Akitua mapema, anaganda na kulazimika kuanza upya. Akitua kwa kuchelewa, mpira umeshampita angali hewani. Akitua sawasawa, mguu mmoja unasukuma ardhi palepale, naye anaonekana kana kwamba aliambiwa. Hesabu viruko hivyo katika seti ya tatu, jua likiwa kali na mapafu yakiwaka. Mchezaji wa kawaida huviacha anapochoka. Mahiri huviacha mwisho kabisa, baada ya vingine vyote kumwishia.

Hapo utaelewa kwa nini baadhi ya mambo yanayoshangiliwa sana ni ushahidi dhaifu. Mchezaji anayejirusha chini kila dakika mara nyingi ni yule aliyechelewa kuondoka. Sauti kubwa wakati wa kupiga haisemi lolote kuhusu ubora. Hata kasi peke yake haitoshi, maana mpira wa kasi unaotabirika hurudishwa. Mimi humpa alama nyingi yule anayefika mapema, akapata nafasi ya kusimama, akapiga kichwa kikiwa kimetulia. Zipo picha nyingi za mchezaji wa tenisi Roger Federer ambamo mpira umeshaondoka na macho yake yangali yametua pale ulipoguswa na nyuzi. Utulivu ule alizaliwa nao kidogo. Kiasi kikubwa alikinunua kwa miguu yake sekunde moja kabla.

Ukishazoea kumtazama msomaji, mgeukie anayeficha; hicho ndicho kipimo cha pili. Kwenye tenisi, angalia mahali mpira unaporushwa juu kabla ya kuanzishwa. Wachezaji wengi huurusha huku kwa pigo hili na kule kwa pigo lile, na mpinzani makini atawajua kabla gemu tatu hazijaisha. Pete Sampras aliurusha mahali pamoja na kutoka hapo akaupeleka kokote, na ndiyo maana wapokeaji wazuri walisimama wakiutazama ukipita. Kwenye vinyoya, tafuta mikanda ya Tai Tzu-ying wa Taiwan, aliyekaa kileleni mwa orodha ya wanawake duniani kwa zaidi ya wiki 200. Raketi yake inakwenda mbele kama ya mtu anayetaka kukipeleka kinyoya nyuma ya uwanja, na dakika ya mwisho kiganja kinalegea, kinyoya kinadondoka hatua moja tu kutoka wavuni. Usimtazame yeye wakati huo. Tazama visigino vya mpinzani wake vikielemea upande usio na kitu.

Kuna kipimo cha tatu, nacho kinahitaji subira: mchezaji anafanya nini akiwa taabani. Amevutwa nje ya mstari, amenyoosha mkono, uwanja wote uko wazi. Asiye na ukomavu hujaribu pigo la ushindi kando ya mstari. Mkomavu huupeleka mpira kwa mshazari, juu na mbali. Wavu wa tenisi una sentimita 91.4 katikati, ambako mpira wa mshazari hupita, na 107 kwenye nguzo, na kwa mshazari urefu wa uwanja huongezeka kwa zaidi ya mita moja, kwa hiyo kosa hupungua na muda wa kurudi mahali pake huongezeka. Pigo hilo halipigiwi makofi, nalo linastahili kuliko mengi yanayopigiwa.

Halafu pima kwa pointi zilizo nzito. Federer, akihutubia wahitimu wa chuo cha Dartmouth mwaka 2024, alisema kwamba katika mechi zake 1,526 za mchezaji mmoja mmoja alishinda karibu asilimia 80 ya mechi, lakini asilimia 54 tu ya pointi. Tofauti ya ubora ni nyembamba kiasi hicho. Katika fainali ya Wimbledon ya 2019 yeye alipata pointi 218 na mpinzani wake Novak Djokovic 204, na Djokovic akabeba kombe. Seti tatu alizoshinda Djokovic zilikwenda kwenye taibreki, yaani gemu ya kuamua seti iliyofungana, naye alizichukua zote. Ukiirudia mechi hiyo, ruka mapigo ya kupendeza, nenda moja kwa moja kwenye taibreki hizo, ukatazame jinsi Djokovic anavyoacha kukosea.

Mahali pa kukaa napo pana maana. Ubavuni utaona urefu wa mpira na kasi yake. Nyuma ya mstari wa mwisho utaona pembe, mzunguko na, muhimu kuliko vyote, kile anachokiona mpokeaji. Ukipata nafasi, kaa nyuma.

Na usidharau mchezo wa wawili wawili. Angella Okutoyi wa Kenya na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022, na watu wengi huku kwetu waliishia kwenye habari ya kombe. Katika mchezo huo, anayestahili macho yako ni yule wa wavuni ambaye pointi nzima hagusi mpira. Akisogea nusu hatua kuelekea katikati kwa wakati wake, mpinzani hubadilisha nia na kuupiga mpira nje.