Sembe kwa Sukari: Mgao wa Nyumba Kumi Kumi na Swali la Ufanisi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sembe, sukari, sabuni na mafuta ya kula vilipoadimika Dar es Salaam, wakazi wa Magomeni, Manzese, Tandika na mitaa mingine ya Kinondoni na Temeke walivipata kwa foleni na kwa mgao, ambao mara nyingi ulipitia kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi waliozijua kaya zao kwa majina. Bei ilikuwa moja kwa wote, kwa kuwa ilipangwa na Tume ya Bei iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Mgao wa namna hiyo ulikuwa na uadilifu wake, lakini usawa wa vipimo haulingani na kile ambacho wanauchumi hukiita ufanisi wa Pareto, kwa jina la Vilfredo Pareto, yaani hali ambayo hakuna tena awezaye kuongezewa ridhaa bila mwingine kupunguziwa yake. Tuchukulie, kwa mfano wa kufikirika, kaya mbili za Tandika, kila moja ikiwa na kilo 10 za sembe na kilo 4 za sukari. Ya kwanza ina watoto wengi, nayo ingekubali kutoa kilo moja ya sukari ili ipate angalau kilo 2 za sembe. Ya pili huuza chai na maandazi asubuhi, nayo ingekuwa radhi kutoa hata kilo 4 za sembe kwa kilo moja ya sukari. Zikibadilishana kilo 3 kwa moja, zote mbili hunufaika, ingawa hakuna hata punje iliyoongezeka mtaani.

Kadiri mabadilishano yanavyoendelea, sukari iliyobaki katika kaya ya kwanza huzidi kuthaminiwa, na sembe iliyobaki katika kaya ya pili vilevile, hata viwango vyao vya kubadilishana, yaani kilo za sembe ambazo kila kaya huona zinalingana na kilo moja ya sukari, vikutane. Hapo biashara hukoma, kwa kuwa ufanisi umefikiwa. Francis Edgeworth aliyachambua mapatano ya aina hii mwaka 1881, na mchoro wa mstatili uliopewa jina lake huonyesha bidhaa zote zilizopo, kaya moja ikihesabu kutoka pembe ya chini kushoto na nyingine kutoka pembe iliyo mkabala. Nukta zote ambamo viwango vya kaya hizo vinalingana huunda mkunjo wa mapatano.

Hapa ndipo kiini cha tatizo la mgao kilipo. Katika soko la kawaida, bei moja huzifikisha kaya zote kwenye kiwango kimoja kwa sababu kila mnunuzi huchagua kiasi anachokitaka. Katika mgao bei ilikuwa moja, lakini kiasi kilikuwa kimeshaamuliwa, hivyo bei hiyo haikuweza kufanya kazi hiyo, na kazi ikabaki kwa majirani wenyewe. R. A. Radford alieleza jambo hilohilo mwaka 1945 kuhusu kambi ya wafungwa wa vita, ambako vifurushi vya Msalaba Mwekundu vilivyogawiwa sawa vilizaa soko, sigara zikitumika kama fedha.

Operesheni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ililenga walanguzi na waficha bidhaa, na hasira ya wananchi dhidi yao ilikuwa na msingi. Hata hivyo, sera inayomtazama kila anayeachia mgao wake kwa jicho la shaka huziba njia pekee ambayo mgao sawa ungeweza kuifuata ili uwe fanisi. Wala ufanisi peke yake si haki: kaya moja ikimiliki sembe yote na sukari yote, nayo hiyo ni nukta ya mkunjo wa mapatano. Bajeti ya mwaka 1984, iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, iliupanua mstatili wenyewe, lakini pa kuanzia palikuwa tayari pamebadilika, kwa kuwa tangu hapo kilichoamua fungu la kaya ya Tandika ni fedha iliyokuwa nayo, si jina lake katika daftari la balozi.