"Ni Kabila la…": Uhakiki wa Kiunzi cha Utambulisho katika Kamusi Elezo Huru kwa Mifano ya Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huhaririwa na yeyote anayetaka, mradi asiegemee upande na taarifa zake zithibitike. Kurasa zake kuhusu jamii za Tanzania huzoea kufunguliwa kwa kiunzi kimoja: watu fulani "ni kabila la" eneo fulani. Makala haya yanadai kuwa mgogoro wa uhariri kuhusu ukabila hauanzi pale wahariri wanapofutiana maneno. Huanzia katika kiunzi hicho, kinachochukulia kuwa jina, lugha na eneo ni kitu kimoja.

2.0 Jina na Mtoaji wa Jina

Umbo *Wamakonde* lina viambishi viwili vya ngeli: *wa-* imepachikwa juu ya *ma-*. Peke yake umbo hilo halithibitishi kuwa mahali palitangulia watu, lakini linawiana na maelezo ya Karl Weule, aliyezuru uwanda huo mwaka 1906, yanayolihusisha jina na vichaka vizito vya uwandani. Mhariri anayelifasiri kwa Kiswahili sanifu, ambamo *konde* ni shamba, atapata ardhi iliyolimwa mahali pa kichaka.

Jina *Wamawia* lina uzito zaidi. Ndilo walilozoea kuitwa Wamakonde wa Msumbiji na majirani zao. Sentensi "Wamawia ni kabila" huligeuza jina la kupewa kuwa ukweli wa asili. "Wamakonde wa Msumbiji waliitwa Wamawia na majirani zao" humrejesha mtoaji wa jina katika sentensi. Tofauti hiyo ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kisiasa.

3.0 Wenyeji wa Masasi

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mwanasarufi wa Kiswahili, aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar hadi Masasi, wakaanzisha makazi ya misheni katika eneo ambalo leo ni la Wamakua, Wayao na Wamakonde. Swali "wenyeji wa Masasi ni kina nani?" halina jibu la jina moja. Neno *mwenyeji* lenyewe humaanisha mzawa na pia mkazi, na wahariri wawili wanaweza kupingana ilhali kila mmoja yu sahihi kwa maana yake.

4.0 Uzito wa Neno *Kabila*

Sensa za Tanzania zimeacha kuuliza kabila tangu ile ya mwaka 1967. Atlasi ya Lugha za Tanzania (2009) inakadiria wasemaji. Idadi ya wasemaji wa Kimakonde ikinukuliwa kuwa idadi ya Wamakonde, basi Mmakonde aliyelelewa kwa Kiswahili amefutwa, na jirani anayesema Kimakonde amesajiliwa bila kuulizwa. Nchini Kenya, kwa upande mwingine, Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 baada ya kuishi miongo mingi bila uraia. Neno ambalo dola moja imelitoa katika dodoso, dola nyingine imeliweka mlangoni pa kitambulisho. Ukurasa mmoja wa Kiswahili husomwa pande zote mbili.

5.0 Hitimisho

Kubadili *kabila* kuwa *jamii* hakutoshi, kwa kuwa kiunzi hubaki kilekile. Kinachohitajika ni sentensi inayotaja nani aliita, lini na kwa lugha gani, na inayotenga wasemaji na wanajamii. Hata hivyo, sharti la uthibitisho lina upungufu wake: humpa Weule nafasi ambayo mzee wa Newala hana, kwa sababu mmoja alichapishwa na mwingine alisimulia. Hapo ndipo wajibu wa wanaisimu wa Kiswahili ulipo. Simulizi za uwandani zikikusanywa na kuchapishwa kitaaluma, mhariri atakuwa na chanzo cha kunukuu, na wanaotajwa watakuwa na sauti katika sentensi inayowahusu.