Yasiyotambulika: Uhakiki wa Istilahi za Uchanganuzi-nafsi

Daktari anapoandika kwamba mgonjwa hana fahamu, kila asomaye hujua maana yake: amezirai, hasikii, hajibu aitwapo. Jamaa zake husema hajitambui. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanachuo nadharia ya Sigmund Freud hushawishika kutumia maneno hayo hayo, "hali ya kutokuwa na fahamu", kwa jambo lililo kinyume chake kabisa. Mtu anayezungumziwa na Freud yu macho, anakwenda kazini, anacheka na wenzake. Ila ndani yake mna matakwa na kumbukumbu asizozijua, nazo zamwendesha. Mwanafunzi makini atauliza: mtu aliyezimia amewezaje kutenda yote hayo? Swali lake ni halali. Kosa ni la istilahi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo limetokana na njia tuliyopitia. Freud aliandika kwa Kijerumani. Sisi, kwa sehemu kubwa, tumemsoma kwa Kiingereza. Neno la Kijerumani "bewusst", kwa umbo lake, ni la kutendwa: huelekea kwenye kitu kinachojulikana. Neno lililotumiwa na Waingereza mahali pake humsifu mtu anayejua. James Strachey, aliyesimamia tafsiri kuu ya Kiingereza yenye juzuu 24 zilizotoka kati ya 1953 na 1974, aliiona tofauti hii na kuitaja katika utangulizi wake wa insha ya Freud ya 1915 kuhusu jambo hili. Lugha yake haikumpa njia ya kuikwepa. Yetu inatupa. Kiswahili hutenganisha bila taabu anayetambua na kinachotambulika. Kiambishi kimoja chatosha. Kwa hiyo "das Unbewusste" si hali ya mtu asiyejitambua, bali ni "yasiyotambulika": mambo yaliyomo nafsini ambayo mwenyewe hayaoni.

Nimechagua "-tambulika" badala ya "-fahamika" kwa sababu "yasiyofahamika" yamekwisha kuwa mambo magumu kueleweka, kama hesabu au hotuba mbaya. Yawezekana kupingwa kwamba neno langu nalo lina mwenyewe, kwani polisi husema "mtu asiyetambulika". Sioni ubaya. Mtu huyo yupo, ana uzito na sura; kinachokosekana ni wa kumtaja jina.

Hata hivyo neno hilo peke yake halitoshi, na hapa historia ni ya lazima. Freud hakuwa wa kwanza kusema kwamba nafsi ni pana kuliko yale yanayojulikana na mwenye nafsi. Carl Gustav Carus aliandika hivyo mwaka 1846, na Eduard von Hartmann alitoa kitabu kizima cha falsafa juu ya jambo hilo mwaka 1869. Jipya la Freud lilitoka kwa wagonjwa. Mwaka 1885 alikwenda Paris kusoma kwa Jean-Martin Charcot, akaona watu waliopooza viungo bila jeraha lolote la neva, ambao hali zao ziliweza kuamshwa au kuondolewa kwa maneno tu walipokuwa wamelazwa kwa hipnosi. Kabla ya hapo rafiki yake wa Vienna, Josef Breuer, alikuwa amemtibu mwanamke kijana kati ya 1880 na 1882, yule aliyeitwa Anna O. katika kitabu walichotoa pamoja mwaka 1895. Dalili zake zilipungua kila aliposimulia yaliyozianzisha. Wafasiri watapendezwa na jambo moja: wakati huo mgonjwa alikuwa ameipoteza lugha yake ya Kijerumani akawa anazungumza Kiingereza tu, na ni yeye aliyelipa tiba hiyo jina lake la kwanza, tiba ya kusema, kwa lugha ya kigeni. Kwa mzaha aliiita pia kufagia dohani. Jina "Psychoanalyse" lilikuja baadaye, mwaka 1896.

Kutokana na wagonjwa hao Freud alishikilia kwamba yasiyotambulika hayakusahauliwa tu. Yamesukumwa nje, na yanazuiwa yasirudi. Ndiyo maana "mambo yaliyofichika" ni tafsiri dhaifu: chaweza kufichika chenyewe, kama sindano katika majani. Kwa "Verdrängung" tunahitaji kitenzi chenye mtendaji. "Usukumizaji" si neno la kupendeza, lakini lasema kweli. Na yale ambayo hayapo mawazoni sasa lakini huja yakiitwa, mfano jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza, yasichanganywe na yaliyosukumizwa. Freud aliyatenga kwa neno lao, nami ningeyaita "yanayoitika". Vivyo hivyo tuachane na "fahamu ya chini". Hilo lafuata neno la Mfaransa Pierre Janet, ambalo Freud alilikataa waziwazi kwa kuwa halisemi kama kilichoko huko chini ni mahali tu au ni fahamu nyingine ya pili.

Lawama yangu kubwa kwa wafasiri wa London ni kwamba walimvisha Freud joho la Kilatini na Kiyunani. Yeye aliandika "das Ich" na "das Es", viwakilishi ambavyo mtoto wa Kijerumani huvijua kabla ya kwenda shule. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1927 ikaleta "ego" na "id". Kabla yake, mwaka 1922, Strachey alikuwa amebuni "cathexis" kutoka Kiyunani kwa ajili ya "Besetzung", neno ambalo Mjerumani hulitumia kwa askari wanaokalia mji. Bruno Bettelheim aliyalaumu haya kwa ukali mwaka 1982. Mwandishi wa Kiswahili anapoandika "ego" na "idi" anaazima lugha ya maiti iliyoazimwa na mtu mwingine. (Na "idi", jamani, ni sikukuu.)

Kwa "das Ich" inafaa "Mimi", wala si "umimi", ambao ni ubinafsi. "Es" ni gumu zaidi, kwa kuwa hatuna kiwakilishi cha namna hiyo. Lakini mtu wetu aliyetenda asilolikusudia husema "kuna kitu kilinisukuma". Basi na kiitwe "Kile". Kwa "Über-Ich" sijapata neno la kuniridhisha: "dhamiri" ni sehemu yake tu, na "Mnyapara" laeleweka mno.

Pengine lugha yetu imemtangulia mfasiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 kuhusu makosa ya kila siku, Freud alikusanya makosa ya kusema, kusoma, kuandika na kushika, akayatafutia yote makusudi yaliyojificha. Kiingereza kikabuni kwa makosa hayo neno la Kiyunani ambalo halisemwi sokoni. Sisi tuna methali, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. "Kujikwaa" kwa ulimi, kwa jicho, kwa kalamu, kwa mkono: kitenzi kimoja, na orodha yote imekwisha.

Limebaki "Übertragung", mgonjwa anapomchukulia daktari wake kama baba yake, akampenda au akamchukia kwa deni la mtu mwingine. Kwa Kijerumani neno hilo hilo lina maana pia ya kutafsiri. "Uhamisho" ungefaa, lakini kwa mtumishi wa serikali uhamisho ni barua ya kwenda wilaya nyingine. Napendekeza "uhamishiaji", kwa kuwa kauli ya kutendea hudai kutajwa anayehamishiwa.