Nafasi ya Lugha katika Historia ya Tauni

Mwaka 1976, William McNeill, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kitabu kiitwacho Plagues and Peoples. Sifa yake kubwa ni ujasiri: alibomoa ukuta uliotenga historia na elimu ya magonjwa, akaitazama Asia na Ulaya kama uwanja mmoja. Alidai kwamba wapanda farasi wa Kimongolia waliichukua tauni Yunnan, kusini-magharibi mwa China, katika karne ya 13. Ikaota mizizi katika panya wa nyika, na hatimaye ikaingia Ulaya mwaka 1347.

Kasoro ya hoja hii ni kuwa dai lake ni zito kuliko ushahidi. Kumbukumbu za China alizozitegemea hutaja maradhi na wingi wa vifo, lakini kwa kawaida hazielezi dalili. Msomaji atajuaje kuwa ni tauni?

Ushahidi ulio imara zaidi ulitoka kwingine. Karibu na ziwa Issyk-Kul, katika Kirgizistani ya leo, yako makaburi ya Wakristo wa Mashariki yaliyochimbuliwa kati ya 1885 na 1892. Mawe yake yana maandishi ya Kisiriani. Kati ya mawe 467 yenye tarehe, 118 ni ya miaka miwili tu, 1338 na 1339. Na baadhi yanataja sababu ya kifo: mawtana, yaani maradhi yauayo wengi. Mwalimu wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja. Ni ndugu wa mauti, tuliyoipokea kutoka Kiarabu.

Mwaka 2022, Maria Spyrou, Philip Slavin, Johannes Krause na wenzao walitangaza matokeo ya kupima mabaki ya watu saba wa makaburi hayo. Vinasaba vya kijidudu cha tauni vilionekana katika watatu.

Ni rahisi kuisifu maabara peke yake. Lakini ni nini kilichoielekeza huko? Ni neno na tarehe, vilivyosomwa na watu waliojifunza lugha isiyo na soko. Wala maabara haikumaliza kazi: meno ya maiti hayasemi tauni ilipita njia gani hadi Bahari Nyeusi mwaka 1346. Swali hilo linawarudia wasomaji wa hati, wa lugha nyingi.

Basi tusiwafundishe wanafunzi wetu kwamba lugha ni somo la kupitia mtihani tu. Bila msomaji, jiwe ni jiwe.