Uhariri wa Mswada wa Kitaaluma: Tuchague Upi?

Mwanachuo akimaliza kuandika tasnifu, mara nyingi huitafutia mtu wa kuisahihisha bila kujiuliza isahihishwe nini. Uhariri si kazi moja. Upo uhariri wa maudhui, unaopima hoja, ushahidi na mpangilio wa sura; upo uhariri wa lugha, unaonyoosha sentensi, istilahi na tahajia; na upo usomaji wa prufu, unaotafuta makosa ya chapa baada ya kurasa kupangwa. Anayempelekea msomaji wa prufu mswada ambao hoja yake haijasimama anapaka chokaa nyumba yenye nyufa.

Hapa Songea jambo hili lina uzito wa pekee. Aandikaye juu ya Majimaji ya 1905–1907 hukutana na maneno ambayo kuyabadili ni kubadili historia. Mwaka 1968 G.C.K. Gwassa na John Iliffe walihariri mkusanyo wa kumbukumbu uitwao Records of the Maji Maji Rising. Anwani hiyo yazungumzia maasi. Tasnifu ya Gwassa mwenyewe ya 1973, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 2005 ikiwa imehaririwa na Wolfgang Apelt, inaitwa The Outbreak and Development of the Maji Maji War. Hapa ni vita. Mtu huasi mamlaka iliyo juu yake. Hupigana vita na adui aliyemvamia. Mhariri wa lugha apendaye istilahi moja kitabu kizima angeweza kuyasawazisha maneno hayo mawili, asijue kwamba ameamua hoja ambayo mwandishi peke yake ana haki ya kuiamua.

Ndivyo ilivyo pia katika vyeo. Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alikuwa nduna chini ya Nkosi Mputa Gama. Mhariri asiyeijua historia ya Wangoni akiandika "mfalme Songea", amempandisha cheo. Akiandika "jumbe", amempa cheo ambacho enzi ya Wajerumani kilikuwa cha mtumishi wa serikali yao. Sentensi itasomeka vizuri, nayo itakuwa ya uongo.

Hata hivyo, hatukubaliani na wale wasemao kwamba mswada wa kitaaluma usiguswe. Hoja njema iliyofungwa katika sentensi zilizovurugika haimfikii msomaji. Luther aliporudi Wittenberg kutoka Wartburg aliipitia tafsiri yake ya Agano Jipya pamoja na Melanchthon, bingwa wa Kiyunani, na kitabu kikatoka Septemba 1522. Alimchagua msaidizi kulingana na hitaji la kazi.

Basi utaratibu uwe huu. Kwanza maudhui, kisha lugha, mwisho prufu. Katika tasnifu ya mtihani, maudhui yajadiliwe na msimamizi. Mtu mwingine akizipanga hoja upya, shahada itakuwa ya nani? Mhariri wa lugha apewe maagizo kwa maandishi: maneno ya wazee waliohojiwa yabaki kama walivyoyasema, vyeo vya Kingoni visitafsiriwe bila idhini, na kila badiliko lionekane ili mwandishi alikubali au alikatae. Mzee aliyetuamini akatusimulia hatakuwapo mswada unapohaririwa; ni wajibu wetu kumlindia neno lake.