Kamera na Duara: Sura ya Muziki wa Kigogo katika Video

Mtu akiizima sauti ya televisheni na kubaki na picha tupu, aghalabu hakosi kutambua anatazama muziki wa aina gani. Jaribio hili hufanyika kila siku, bila ya kukusudiwa, katika migahawa midogo ya Kizota, kata ya maghala na viwanda katika Jiji la Dodoma, ambako malori huimeza sauti na wateja wakabakiwa na midomo inayofunguka na kufumba. Mwanamke mwenye gauni linalometameta, amekaa juu ya kochi, kidole amekinyoosha: taarabu ya kisasa. Safu tatu za watu wenye sare moja wakiyumba kulia na kushoto mbele ya bustani: kwaya. Kijana mwenye miwani ya jua usiku, ameegemea gari ambalo huenda si lake: bongo fleva. Watu wamebanana kichochoroni, picha inatikisika, hakuna kinachotulia mbele ya macho kwa muda wa kuhesabu tatu: singeli. Na wazee kwa vijana waliovaa migolole na kaniki, njuga miguuni, wakiruka kwa mstari mbele ya msafara wa wageni: hiyo huitwa ngoma ya asili, na kwa kuwa ni Dodoma, ngoma ya Wagogo.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye kesi ya kujibu. Lakini hapana budi kwanza kuuliza hizo nyingine zilizipata wapi sura zao, maana hakuna muziki uliozaliwa na sura. Ukichunguza utaona kwamba kila utanzu hubeba, ndani ya video zake, mahali ambapo kamera ilisimama siku za mwanzo. Kamera huja kama mgeni, hupewa kiti, na baada ya hapo ni vigumu kuinyanyua.

Taarabu ilisikika kabla ya kuonekana. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, waliozinunua Unguja, Mombasa na Lamu hawakuwa na cha kutazama isipokuwa santuri yenyewe ikizunguka. Televisheni ilipofika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi wakati ambapo Bara haikuwa na televisheni hata ya rangi moja, iliikuta taarabu imekwisha kaa kitako: wapigaji wamepangwa jukwaani, fidla mabegani, kanuni mapajani, na hadhira imewaelekea. Mpigapicha hakuwa na la kubuni. Aliiweka kamera penye viti vya mbele akaiacha hapo. Atazamaye rekodi za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, huwa kama aliyealikwa akafika mapema akapata kiti kizuri. Hakuna anayemrukia usoni. Shairi linakwenda kwa mwendo wake na picha inalingoja.

Ilipokuja taarabu ya kisasa, ya akina Khadija Kopa na baadaye ya Jahazi, kamera iliinuka kitini ikaenda kutunza. Ndivyo unavyoweza kuuelezea mtindo wake wote. Anayetunza huinuka pale beti linapomgusa, hucheza mpaka mbele, hutoa noti, hugeuka kuwatazama waliobaki vitini. Na kamera humfuata hatua kwa hatua, kwa kuwa wakati huo yeye ndiye wimbo. Hapa picha na muziki vimeelewana. Havikuelewana wimbo ulipotolewa ukumbini na kupelekwa sebuleni, penye makochi na mapazia, na akaletwa mwigizaji wa kuwa yule "mbaya" anayepigwa kijembe. Ukumbini kijembe hakina anuani. Wanawake mia wanakisikia, na kila mmoja anamjua wa kumpelekea, au anahofia kwamba ni yeye. Video ikishamwonesha mlengwa mlangoni, na nguo zake na mume wa kugombewa, fumbo limefumbuliwa na ushairi umekwisha, hata kama sauti bado ni nzuri. Watunzi wengi wa mashairi ya taarabu wameonewa namna hii, na ni ajabu kwamba malalamiko yao hayasikiki sana.

Bara ilingoja televisheni mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Huko aliyeikaribisha kamera kwa moyo mweupe ni mwanakwaya. Kanda za VHS, na baada yake VCD, ziliuzwa milangoni mwa makanisa na stendi za mabasi, na mtindo wake ulikuwa mmoja kutoka Mwanza hadi Mbeya: sare, safu, hatua mbili kulia na mbili kushoto, kisha sare nyingine mbele ya mandhari nyingine, mawe ya ziwani au ngazi za hoteli. Wajuzi wa mjini waliucheka mtindo huu, na hawakuwa na haki ya kucheka. Kamera ya kwaya hupita juu ya nyuso moja moja kama mtu anayehesabu mahudhurio, haimpi soprano muda zaidi ya besi, na bibi wa safu ya nyuma asiyeziwahi hatua naye anaonekana. Hiyo ni tafsiri ya haki ya sauti nne. Hata Rose Muhando, aliyetokea katika ualimu wa kwaya ya Mtakatifu Maria ya Chimuli, hapohapo Dodoma, na ambaye albamu yake ya "Mteule Uwe Macho" ya mwaka 2004 ilimtangaza nchi nzima, hakuivunja safu. Alitoka mbele yake. Wachezaji nyuma yake wamebaki na sare na mistari yao, naye anaruka na kuinama mbele yao, na nguvu ya picha inatokana na umbali kati ya mwili mmoja uliofunguka na ile safu iliyotulia.

Bongo fleva haihitaji maneno mengi. Ilianza na mitaa kwa sababu rapu ya Marekani ilianza na mitaa, ikahamia kwenye vioo, mabwawa na magari, na mwaka 2013 Diamond Platnumz alipopigia picha video ya "Number One" mjini Cape Town, kipimo kikawa umbali ambao mtu amesafiri. Vijana wanaziita video hizi vichupa, na jina linafaa: chupa huoneka ndani, haiguswi kilichomo.

Kisa kimoja tu hapa kinastahili kusimamiwa. Mwezi Mei 2016 Serikali iliipiga marufuku video ya "Chura" ya Snura Mushi. Mabishano yaliyofuata yalihusu maadili ya viuno, kana kwamba viuno vimeanza kuchezeshwa mwaka huo. Ngoma za kukata kiuno zipo pwani nzima, na katika unyago huchezwa na wanawake mbele ya wanawake, kwa mafunzo yenye mpaka wa nani aone. Kilichobadilika ni mahali aliposimama mtazamaji. Duara lilimweka kila mmoja awe mtazamaji na mchezaji kwa zamu. Video ikamweka mtazamaji nyuma, peke yake, asiyeonekana wala kudaiwa zamu yake. Mtu anaweza kuiunga mkono ile amri au kuipinga, lakini swali lenyewe lilikuwa hili la mahali pa kusimama, na halikuulizwa.

Sasa turudi kwa Wagogo. Kamera iliwakuta wapi? Iliwakuta uwanjani, wakipokea wageni. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na zaidi baada ya Serikali kuanza kuhamia kweli mwaka 2016, hapana mji ulioona misafara mingi kuliko huo. Kizota yenyewe ina ukumbi ambamo CCM ilifanya Mkutano Mkuu wake mwezi Novemba 2012. Na kila palipo na mkutano pana ngoma ya makaribisho, na palipo na ngoma ya makaribisho pana kamera, ila kamera hiyo imekuja kwa ajili ya mgeni. Inamfuata yeye. Ngoma inaonekana nyuma ya bega lake kwa muda wa kumwezesha kutikisa kichwa na kupiga makofi mawili, kisha mlango wa gari. Vipande hivyo vya dakika nusu, vilivyorudiwa katika taarifa za habari miaka nenda rudi, ndivyo vilivyomfundisha Mtanzania sura ya muziki wa Kigogo: mruko, njuga, tabasamu, kwaheri.

Hasara yake haionekani mpaka mtu auelewe muziki unaozungumziwa. Uimbaji wa Kigogo ni wa sauti kadhaa zinazosukana kama ukili. Ukiufuata mmoja pekee huupati mkeka. Ilimba yao, ile kubwa yenye vijino vingi vya chuma, ina vijino ambavyo kidole hakivigusi kabisa. Vimewekwa viitike vyenyewe pale jirani zao wanapopigwa, na juu ya tundu la sanduku hubandikwa utando wa buibui ili sauti ipate mkwaruzo wake. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyeishi Bagamoyo na kufa Desemba 2003, aliufikisha muziki huu katika majukwaa ya Ulaya, na albamu yake ya "Chibite" ya mwaka 1996 ilitolewa na Real World ya Uingereza. Wasikilizaji wa mbali waliupokea kwa masikio, wakakaa nao. Nyumbani umepokewa kwa macho, tena kwa macho yaliyokuwa yakimtazama mwingine.

Hivyo kijana wa Kizota anayepiga zeze au ilimba leo, akitaka wimbo wake uwe na video, hukuta milango miwili imefunguliwa na yote miwili si yake. Akipita wa kwanza, atavishwa ngozi na shanga ambazo baba yake hakuzivaa, apelekwe chini ya mbuyu, mbali na maghala ya nafaka na nguzo za umeme za kata yake, na video yake itakuwa ile nusu dakika ya taarifa ya habari iliyorefushwa kuwa dakika nne. Akipita wa pili, atafuata njia ya "Salome". Mwaka huohuo wa 2016 Diamond na Rayvanny waliuchukua wimbo wa Saida Karoli uliovuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wimbo wa Kihaya wenye pumzi ya Bukoba, wakautengenezea video yenye rangi kali na mavazi mazuri ya Afrika ambayo haiko penye ramani. Wimbo ulimrudisha Saida Karoli midomoni mwa watu, na hilo ni jema lisilopingika. Lakini atazamaye ile video bila ya sauti hawezi kusema kama ni Kagera, Kongo au duka la mshonaji. Ni picha ya bongo fleva iliyovaa nguo za ngoma.

Tena uhariri wa bongo fleva, wenye kukata picha kila sekunde mbili, unafaa pale penye mtu mmoja anayetaka kuonekana mara nyingi. Katika muziki wa sauti zinazosukana ni kisu. Kila kamera inapomrukia anayeimba, inamwacha anayejiandaa kumpokea, na huko kujiandaa, kuvuta pumzi, kumtazama mwenzake jicho la pembeni, ndiko kunakoonesha sauti ya pili itaingia wapi. Kamera ya ilimba inayoganda kwenye vidole gumba vya mpigaji imekosa nusu ya ala: imeonesha vijino vinavyopigwa na kuvificha vinavyoitika.

Hapa walimu bora wa mpigapicha si wa Cape Town. Ni ile kamera iliyokaa kitini mbele ya Ikhwan Safaa ikalingoja shairi, na ile ya kwaya iliyompa kila uso haki yake. Zote mbili zilikuwa maskini wa vifaa. Zikiunganishwa na kuhamishiwa kwenye duara, palepale Kizota, ukuta wa ghala ukiwa nyuma na jezi ya timu ya mpira ikiwa kifuani mwa mpigaji kama alivyovaa asubuhi hiyo, patapatikana picha ambayo mtu akiizima sauti atajua kwamba hawa wanasikilizana.

Limebaki jambo gumu zaidi, nalo ni muheme. Wanawake wa Kigogo hupiga ngoma hizo wamezibana mapajani, na nguvu ya mikono yao imewashangaza wageni wengi. Asili yake ni jando la wasichana. Ilipotoka hapo ikaja uwanjani ilipunguza baadhi ya mambo na kuacha mengine ndani, kwa hiari ya wenyewe, na kamera haina hoja ya kudai yaliyobaki. Mpigapicha anayetafuta "uhalisi" hujaribu siku zote kusogea karibu zaidi. Kwa muheme, kukaa mbali ni sehemu ya kuielewa.

Huko Chamwino, mashariki ya mji, tamasha la muziki wa Wagogo limekuwa likifanyika tangu mwaka 2009, kwa juhudi za Kedmon Mapana, mtafiti wa muziki huo ambaye baadaye aliongoza BASATA. Vikundi vya vijijini huko hupigiana vyenyewe, vikipimana, na mgeni akitaka kuona huitafuta nafasi yake kama wengine. Watu husimama ukingoni mwa duara na simu zao. Picha zao zina vumbi, hazina taa, zimeshikwa kwa mkono uliochoka. Mtoto hukatiza mbele, kanga ya mtu huziba upande mmoja. Lakini wimbo unakuwamo mzima, tangu sauti ya kwanza ya mwanamke mmoja hadi wengine walipoipokea, na anayetazama huwaona kwa muda mrefu wale ambao zamu yao haijafika, wakingoja, midomo imefumba, miguu imekwisha kuanza.